"Na Wenzake": Historia ya Waimbaji wa Sauti Tupu

Mhadhara kwa wanakwaya na vijana wa Misisi, Fizi



Nimeombwa niseme juu ya historia ya vikundi vya vijana wanaoimba kwa sauti tupu, bila gitaa, bila kinanda, bila ngoma. Marekani mtindo huo uliitwa duwopu. Msitafute maana ya neno hilo kwenye kamusi. Ni silabi tu walizoimba wale wa nyuma, duu na wopu, wakati mwenzao wa mbele akisema maneno ya wimbo. Nilipokuwa naingia, kijana mmoja alinisimamisha mlangoni: "Papa, watu wanne wasio na hata gitaa moja, nao ni orkesta?" Nilicheka, nikamwambia akae mbele. Jibu ni ndiyo, ni orkesta, na historia yake imepita karibu na mlango wetu. Lakini ana haki ya kujua imepita wapi, na kwa nini wengi waliofanya kazi hiyo hatuwajui hata kwa majina.

MTAA WA KENYA

Watu wakisikia habari hii hudhani lazima ianzie New York. Mimi naanzia Katanga. Lubumbashi, zamani ikiitwa Elisabethville, ina mtaa unaoitwa Kenya. Msiuchanganye na nchi ya Kenya. Ni mtaa wa watu wa kazi, katika mji uliokuzwa na shaba ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Katika mtaa huo, miaka ya 1950, kulikuwa na kikundi kilichojiita JECOKE. Ni kifupi cha Kifaransa, Jeunes Comiques de la Kenya, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya. Hawakujiita mabingwa wala wafalme. Walijiita wachekeshaji, na chini ya ucheshi huo kulikuwa na kazi kubwa ya kupanga sauti, kila mtu na mstari wake.

Mtindo huo waliupata wapi? Ifuateni reli. Reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Shaba ikateremka kwa reli hiyo, na miaka ilivyokwenda santuri nazo zikapanda. Johannesburg kulikuwa na Manhattan Brothers, vijana wanne wakiongozwa na Nathan Mdledle, maarufu kwa jina la Dambuza. Tangu miaka ya 1930 walikuwa wakizisikiliza sauti za Mills Brothers na Ink Spots wa Marekani, wakazigeuza ziseme Kizulu na Kixhosa. Miriam Makeba aliimba nao miaka ya 1950, kabla dunia haijamfahamu. Basi sauti ilivuka bahari hadi Johannesburg, ikapanda gari moshi, ikashuka Elisabethville, ikajifunza Kiswahili.

Katika JECOKE alitoka Edouard Masengo, aliyezaliwa mwaka 1933, ndugu yake Jean-Bosco Mwenda, yule Mwenda wa Bayeke wa gitaa. Wote wawili walifika hadi Nairobi, wakaimba huko. Wazee wa Kenya, sasa nasema nchi, bado wanawakumbuka. Na kuna mtu mwingine wa kumtaja: Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi. Mwaka 1952 alimrekodi Mwenda pale Jadotville, yaani Likasi ya leo. JECOKE nao aliwarekodi. Tracey alikuwa na tabia moja ninayowaomba muishike mpaka mwisho wa mhadhara huu: kila aliporekodi, aliandika. Nani ameimba, wapi, kwa lugha gani. Ndiyo maana jina JECOKE limenifikia mimi, na leo limewafikia nyinyi.

KWA NINI MGODINI?

Johannesburg ni dhahabu. Elisabethville ni shaba. Misisi ni dhahabu. Je, ni bahati tu kwamba uimbaji huu umependa migodi?

Mji wa mgodi unakusanya vijana waliotoka mbali, wanaolala wengi katika chumba kimoja, wenye usiku mrefu na fedha isiyofika kesho. Huyu ni Mbembe wa hapahapa, yule ni Mshi wa Walungu, mwingine Mfulero wa Uvira, mwingine Mluba aliyepandia Kalemie. Hakuna aliyebeba ngoma ya ukoo wake mgongoni, na hata angeibeba, jirani yake asingeijua mipigo yake. Koo lakini kila mtu amekuja nalo. Siku zote mnazosubiri maji yatolewe shimoni, au PDG, yaani mwenye shimo, atafute fedha ya kununua mbao, mnafanya nini? Mnapiga hadithi. Halafu mmoja anaanza wimbo, wa pili anaingia chini yake, wa tatu anatafuta nafasi katikati. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wafanyakazi wa Afrika Kusini, waliokuwa wakishindana kuimba katika mabweni yao Jumamosi usiku mpaka kunakucha.

Mmoja wa waimbaji hao aliitwa Solomon Linda, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1909 huko Msinga, akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Kikundi chake kiliitwa Evening Birds, ndege wa jioni. Walivaa suti, na walikuwa sita. Linda alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: badala ya besi mmoja, aliweka mabesi watatu. Sakafu ya wimbo ikawa pana, naye juu yake akawa huru kupaa kwa sauti nyembamba kama ya mama. Mwaka 1939, katika studio ya kampuni ya Gallo, waliimba wimbo "Mbube", yaani simba. Katika jaribio la tatu Linda alitunga papo hapo kipande kifupi cha juu, sekunde chache tu. Shikeni hicho kipande. Nitakirudia.

KONA NA NGAZI

Sasa tuvuke bahari. Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana weusi wa New York, Baltimore, Philadelphia na Los Angeles walikuwa na hali msiyohitaji kuelezwa: nyumba ndogo, kazi chache, fedha ya gitaa hakuna. Wakatafuta mahali panaporudisha sauti: chini ya ngazi za magorofa, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, kona yenye ukuta mzuri. Vikundi vya Ravens na Orioles, vyote vyenye majina ya ndege, vilifungua njia miaka ya 1940. Mwaka 1956 Frankie Lymon aliwika redioni akiwa na miaka 13 tu.

Lakini ninayempenda mimi ni Fred Parris wa New Haven. Huyu alikuwa askari. Usiku, akiwa zamu ya ulinzi, alitunga wimbo wa mapenzi. Mwaka 1956 yeye na wenzake, Five Satins, wakaurekodi chini ya kanisa la Wakatoliki, katika chumba cha chini. Jina lake ni "In the Still of the Nite", na hadi leo watu wakitaka kueleza duwopu ni nini, huupiga huo. Nyinyi mnaolinda mashimo usiku, mkiwa na tochi na baridi, msiseme hamna muda wa kutunga.

Na zile silabi, dum na shuu na uu, si upuuzi. Kikundi hakina gitaa la besi, basi mtu anakuwa gitaa la besi. Hakina tarumbeta, watatu wanakuwa tarumbeta. Kila silabi ni ala iliyokosekana.

TUJARIBU HAPAHAPA

Naomba watu wanne. Wewe mrefu wa nyuma, njoo, wewe ni besi. Na nyinyi watatu simameni karibu, bega kwa bega, kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake.

Besi, shika do. Iimbe mara nne, kwa silabi dum. Nyinyi watatu juu yake, kwa uu laini: wa kwanza do, wa pili mi, wa tatu sol. Vizuri. Hapo ndipo nyumbani.

Sasa besi ashuke hadi la. Wa kwanza abaki kwenye do yake, wa pili abaki kwenye mi. Wa tatu peke yake atoke sol, apande hatua moja, aingie la. Mmesikia? Ukimtoa besi, amesogea mtu mmoja tu, na wimbo mzima umeingia huzuni.

Besi ashuke tena hadi fa. Wa kwanza hatikisiki. Wa tatu hatikisiki. Wa pili apande kidogo, kutoka mi hadi fa. Huzuni imefunguka kama dirisha.

Mwisho, besi apande sol, na watatu wote washuke pamoja: wa kwanza si, wa pili re, wa tatu sol. Shikeni hapo, msirudi. Angalieni nyuso za watu. Kila mtu humu ndani anataka mrudi nyumbani, hata asiyejua do ni nini. Haya, rudini do.

Asanteni, kaeni. Mmesikia duara lililobeba nyimbo za duwopu kwa mamia. Gitaa la rumba yetu hupenda kuzunguka do, fa na sol. Tofauti ni ile la iliyoingia katikati. Angalieni pia kwamba katika hatua tatu za mwanzo, utamu haukutoka kwa watu kupiga kelele zaidi. Ulitoka kwa mmoja kusogea na wengine kubaki mahali pao. Kikundi ambacho kila mtu anataka kusogea kila wakati kinavunjika kabla ya Pasaka.

NJIA YETU SISI

Mtasema: Papa, hiyo ni Katanga na Marekani, sisi je? Nyinyi mna njia yenu, na ni ndefu. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua kituo pale Kibanga, upande wa Ubwari, na nyimbo za Kilatini zikasikika kando ya ziwa letu. Mwaka 1921 Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira, na kazi yao ikaja kuwa kanisa la CEPAC mnalolijua. Wamethodisti Huru nao wana Nundu. Makanisa hayo yalileta vitabu vya nyimbo, soprano, alto, teno na besi. Wazee wetu wakavipokea, kisha wakavitia mwendo wa miguu yao. Waadventisti wa eneo letu wanajua kwaya ya wanaume wanne inavyosimama mbele bila chombo chochote. Wakiondoa maneno ya Biblia na kuweka ya mapenzi, ndugu zangu, mngesema mko kona ya New Haven.

Halafu vita. Kuanzia 1996 watu wa Fizi walivuka Tanganyika kwa maelfu, wakaishia Nyarugusu, Lugufu na kambi nyingine za Kigoma. Kambini mtu hana shamba lake wala mto wake, lakini mazoezi ya kwaya yana saa yake. Huko nyimbo zetu zilikutana na kwaya za Watanzania, na kila upande ukachukua kitu. Watu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, mwaka 2005, waliteremka na vyombo vichache, na namna mpya za kupanga sauti zimo vifuani. Wimbo unaoimbwa leo Misisi kwa sauti nne huenda umepita Uvira, ukalala Nyarugusu miaka tisa, ukarudi kwa ziwa, ukapanda lori hadi hapa.

SHILINGI KUMI

Sasa nirudi kwa Solomon Linda na kile kipande kifupi.

"Mbube" iliuzwa Afrika Kusini kwa maelfu ya santuri. Haki ya wimbo Linda aliiachia kampuni kwa shilingi kumi. Santuri ikafika Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikundi cha Weavers kikaupiga kwa jina la "Wimoweh", kwa kuwa hawakulisikia vizuri neno la Kizulu. Mwaka 1961 vijana wa Brooklyn waitwao Tokens, kikundi cha duwopu, wakauimba kwa maneno ya Kiingereza, wakaufikisha namba moja Marekani. Juu kabisa ya wimbo huo kulikuwa na kipande kile kile cha jaribio la tatu. Mwaka uliofuata, 1962, Linda alikufa maskini. Binti zake walipata haki ya kueleweka mwaka 2006 tu, baada ya kesi, na baada ya wimbo huo kusikika hata katika filamu ya Disney.

Hapo mnaona duara kubwa zaidi ya lile tulilolifanya. Sauti ya Marekani ilishuka hadi Johannesburg. Sauti ya Johannesburg ikapanda hadi Brooklyn. Duwopu haikuwa mali ya mtu wa upande mmoja. Lakini fedha ilikwenda upande mmoja, kwa sababu karatasi ilikuwa upande mmoja.

Hata palipokuwa na nia njema, karatasi ilisema kidogo. Mwaka 1958, Kamina, vijana wa Troubadours du Roi Baudouin waliimba "Missa Luba", misa iliyozunguka dunia nzima. Sehemu kubwa yake ilizaliwa kwa waimbaji wenyewe, wakijibizana papo hapo. Jina lililokaa juu kama mpangaji ni la padri wao, Guido Haazen.

Na mimi nina kisa changu, kidogo tu. Nilipokuwa kijana tulikuwa wanne. Tulifanya mazoezi miezi mitatu nyuma ya nyumba ya fundi baiskeli, kwa sababu ukuta wake ulirudisha sauti vizuri. Siku moja mtu alitupeleka turekodi kaseti. Tuliimba nyimbo sita, tukanywa soda, tukarudi. Kaseti ilipotoka, juu yake palikuwa na jina la yule aliyekuwa akianzisha nyimbo, na baada yake maneno mawili: "na wenzake". Mimi ndiye niliyekuwa besi. Kwa nyimbo sita nilishika sakafu ili wenzangu wasianguke, na jina langu likawa "wenzake". Aliyeandika hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyempa orodha. Hata sisi wenyewe hatukuwa nayo.

Sasa sikilizeni majina haya: Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni, Owen Sikhakhane. Hao ndio mabesi watatu wa Evening Birds. Juu yao walikuwepo Gilbert Madondo na Boy Sibiya. Zaidi ya miaka 80 baada ya ile siku studioni, mtu anayatamka majina yao hapa Misisi, mbele ya watu wasiowahi kufika Johannesburg. Si kwa sababu waliimba kuliko besi wenu. Ni kwa sababu kuna mahali yaliandikwa.

NINACHOWAOMBA

Kijana wangu wa mlangoni, kikundi chako hakikosi gitaa. Kinakosa kaye. Nenda dukani, nunua moja, ya kurasa mia. Kila mazoezi andika tarehe na mahali. Andika nani ameimba sauti gani, kwa jina lake lote, si jina la utani la shimoni. Wimbo ukiwa mpya, andika ameuleta nani, na nani amebadilisha nini ndani yake. Wimbo ukiwa wa zamani, andika mlijifunza kwa nani, kama ni bibi wa Lulimba au kwaya ya kambini. Kazi hiyo mpeni besi. Yeye ndiye asiyekimbilia mbele.

Kurasa hizo zipigeni picha kwa simu, mzitume kwa mtu aliye Baraka, na mwingine aliye mbali zaidi. Sisi watu wa Fizi tunajua nyumba inavyoachwa usiku na vitu vyake ndani. Kaye moja katika nyumba moja si kaye.

Na akija mtu anayetaka kuwarekodi, mkaribisheni. Mkimaliza kusalimiana, wekeni mezani karatasi inayosema wimbo ni wa nani na fedha itagawanywaje, isomwe kwa sauti mbele ya wote wanne, kwa lugha wanayoielewa wote. Akisema ana haraka, mwambieni habari za Solomon Linda na shilingi zake kumi.

Misisi ina mizani ya kupimia dhahabu karibu kila mlango. Gramu moja haipotei bila mtu kuuliza. Majina ya watu wanne wanaoimba vizuri kila jioni yanapotea, na hakuna anayeuliza. Kesho mkikutana, kabla besi hajashika do ya kwanza, fungueni ukurasa wa kwanza mwandike majina yote manne. Maneno "na wenzake" msiyaandike.